Matairi ya Tela la Pastory

Karibu kila wiki mmoja wenu, wanangu wenye tela, ananipigia simu. Anatuma na picha: tairi jeusi linang'aa, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka fulani, mbali huko. "Shikamoo, Mzee Anatory. Hili linafaa tela?" Nami niko nyumbani hapa Nkwenda, nachambua maharage, magoti yamegoma kuchuchumaa, na fundi wa matairi asiyeweza kuchuchumaa amebaki kuwa wa kupigiwa simu tu. Nimechoka kujibu kwa vipande. Nawaandikia wote kwa pamoja, na mkiona natoka nje ya barabara mnivumilie, kwa sababu habari ya matairi ya tela kwangu haina barabara iliyonyooka.

Kwanza, jibu la ile picha ni kwamba sijui. Wala wewe hujui. Bosi wangu wa kwanza, Mzee Gozibert, aliyetoka Bukoba akaja kufungua duka la matairi hapa wakati Nkwenda ikiwa bado na vibanda vya kuhesabika, alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Mtu akifika na kuuliza bei, alimjibu, "Waitu, ndugu yangu, unabeba nini?" Mtu anasema nataka tairi. "Nimesikia. Unabeba nini?" Wengine walikasirika wakaondoka. Waliobaki walijikuta wanaeleza maisha yao yote: nabeba mikungu ya ndizi kutoka shambani, nabeba matofali, nabeba ng'ombe wa minadani, nabeba viti na turubai za misiba. Hapo ndipo Gozibert alipoinuka kwenye kiti chake. Anayebeba viti na anayebeba matofali hawavai kiatu kimoja, alisema, hata kama miguu yao ni saizi moja.

Uzito ndio wa kwanza. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya mzigo ambao linaweza kubeba. Jumlisha uzito wa tela lenyewe na mzigo wako mkubwa kuliko yote, gawa kwa idadi ya magurudumu, kisha chukua tairi linaloweza zaidi ya hapo. Si sawasawa na hapo, zaidi. Maana mkulima wa huku akikwambia anabeba magunia kumi, jua jirani yake amekwisha kumwomba amwekee na la kwake.

Yapo matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya tela tu. Yameandikwa herufi ST mbele ya namba. Yalipoingia dukani mara ya kwanza, katekista wa kigango chetu aliyasoma kwa heshima kubwa, akaniuliza, "Hili ni la Mtakatifu nani?" Nikamwambia muulize Gozibert. Gozibert bila kucheka akamjibu, "Wa wasafiri." Katekista alinunua mawili. Alinunua vizuri, kwa sababu ubavu wa tairi hilo ni mgumu. Tela halina usukani, linaburutwa. Gari likikata kona kali, tairi la tela linasuguliwa kwa ubavu kama mtoto anayevutwa mkono asiyetaka kwenda shule. Tairi laini la gari dogo, lile linalokupa raha ya kuendesha, kwenye tela lenye mzigo linayumba. Mkikosa yenye ST, na huku mara nyingi mtakosa, chukueni ya magari ya mzigo yenye herufi C mwishoni. Ya gari la kutembelea acheni, hata kama shemeji yako anakupa bure.

Siku moja Gozibert alinichukua kwenda Murongo, mpakani, kutazama mitumba iliyotoka ng'ambo. Tulikuta tairi jeusi tii. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikasema, "Mzee, hili ni jipya." Akapitisha kidole ubavuni, kidole kikatoka cheusi. Akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Dawa ya viatu! Basi akamsogelea muuzaji, akampaka shavuni, akamwambia, "Na wewe sasa u mpya." Wenye bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria walicheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki yake. Tangu hapo sikununua tairi la mtumba kabla sijalipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Nawachekesha kwa makusudi, wanangu, kwa sababu ninakokwenda hakuna kicheko.

Nilikuwa na mdogo wangu, Pastory. Tumezaliwa wengi lakini yeye ndiye aliyenifuata ziwa, tulilala kitanda kimoja tukigombea blanketi. Yeye hakupenda duka, alipenda barabara. Alinunua pikapu iliyochoka, akaifufua, kisha akamwagiza mchomeleaji amtengenezee tela la magurudumu mawili. Ile siku alipolileta dukani kwangu, nilimfungia matairi mapya mawili kwa mikono yangu. Mazuri, ya mzigo, sina la kuyalaumu hata leo. Alikuwa akipita vijijini anakusanya ndizi na kahawa za watu, mwenye gunia moja na mwenye ishirini wote aliwachukulia sawa. Wazee wasio na vijana walimtegemea kabisa.

Kisha akaugua mgongo. Maumivu yalianza kidogo kidogo, mwisho akawa hawezi kuvaa viatu mwenyewe. Mkewe, Levina, alijifunza kuendesha pikapu ili ampeleke hospitali, akapata na leseni. Tela waliling'oa wakaliegesha nyuma ya nyumba, upande mmoja kwenye kivuli cha migomba, upande wa pili juani. Juu yake walipanga kuni. Likakaa hivyo misimu miwili ya kahawa na zaidi, upepo ukipungua matairini, mzigo wa kuni ukikandamiza palepale, jua likipiga upande uleule.

Pastory alipona. Nataka mlielewe hilo vizuri. Tulikuwa tumekwisha kumlilia akiwa hai, halafu Mungu akamrudisha. Alianza kutembea kwa fimbo, akaitupa fimbo, asubuhi moja nikasikia honi nje ya duka ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikatoka. Yuko nyuma ya usukani, amenenepa mashavu, tela liko nyuma tupu, limeoshwa.

"Kaka! Shikamoo!"

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuendesha?"

"Daktari. Na Levina pia, na huyo ndiye mkali zaidi."

Tukacheka. Tulishikana mikono dirishani hatukuachiana upesi. Alikuwa anakwenda kukusanya kahawa ya watu wa kijijini kwake aipeleke mnadani. Nikalizunguka tela, kama nilivyozoea kulizunguka kila tela. Upande wa kivulini tairi lilikuwa zuri kiasi. Nikapita upande wa pili. Kashata, yale meno ya tairi yanayoshika barabara, zilikuwa ndefu, hata vile vinyweleo vya mpira vinavyokuja na tairi jipya bado vilikuwepo ubavuni. Nikabonyeza ubavu kwa kidole gumba. Nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kama tope la bonde wakati wa kiangazi.

"Pastory, shuka uone."

Akashuka, akachuchumaa pale pale bila taabu, nami moyoni nikashukuru kwanza kwa kuchuchumaa kule. Akatazama. "Lakini kaka, haya hayajatembea sana. Vinyweleo hivi hapa."

"Hayajatembea sana, ndiyo. Yamekaa. Tairi la tela mara nyingi kashata haziishi kabisa, mpira unakufa kwanza. Tazama namba hizi nne za mwisho kwenye mstari huu. Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka lilipotoka kiwandani. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu, akakuna kichwa. Hakunibishia. Watu wengi baadaye walidhani alinibishia, hakunibishia. Dukani sikuwa na saizi ile. Nilikuwa nimeagiza, mzigo ulikuwa njiani kutoka Mwanza. Nikamwambia asubiri. Akatazama mawingu upande wa Uganda, akasema watu wamekwisha kuanua kahawa na kujaza magunia, ipo nje, ikinyeshewa imeharibika, na amewaahidi. Akasema angepakia nusu tu, atakwenda mpola mpola, bila haraka, na akirudi ataliacha tela hapa hapa dukani mpaka mzigo wangu ufike. Nikamjazia upepo sawasawa, nikamwambia tena asubiri. Akanishika bega.

"Nikirudi, kaka."

Alipakia nusu kweli. Nimeulizia, magunia yalikuwa nusu. La mwisho kupakiwa lilikuwa la Mama Devota, mjane mzee aliyekuwa jirani yake, ambaye alimkimbilia barabarani akimwita asimwache.

Kwenye mteremko baada ya kutoka kijijini lile tairi la upande wa jua likapasuka. Tela likayumba, likamvuta nyuma ya gari pembeni, pikapu ikalala ubavu mtaroni. Kijana wa bodaboda alikuja kuniita, hakuweza kunitazama usoni. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa na kumlaza kwenye nyasi, wamemfunika kanga. Wanawake walikuwa wakiokota kahawa iliyomwagika, punje kwa punje, wakirudisha ndani ya magunia. Hakuna aliyejifichia hata kiganja kimoja. Nilisimama nikiwatazama wanawake wale kwa sababu sikuweza kutazama kanga.

Tairi nililiokota mwenyewe. Kashata zilikuwa nzima, vinyweleo vipo. Ubavu ulikuwa umechanika mzunguko wote kama mfuniko wa kopo. Nikalipeleka dukani nikalifungia.

Tulimzika. Siku ya pili ya matanga, tukiwa tumekaa kwenye majani yaliyotandazwa uani, yalianza maneno. Binamu yetu mmoja alisema, na wengi wakaitikia kwa vichwa: mtu amepona ugonjwa uliowashinda madaktari, tairi jipya lenye vinyweleo limepasuka, gunia la mwisho lilikuwa la nani? Nani alimkimbilia barabarani? Mama Devota hakuwa amethubutu kuja kukaa na wenzake. Alikuwa nyuma kabisa, ndani ya migomba, amekaa chini peke yake na kanga imefunika kichwa. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwake na mapanga na kukata migomba ya mbele ya nyumba yake. Mnajua huku kwetu maneno ya namna hiyo yakianza hayaishii kwenye migomba.

Niliinuka nikapanda bodaboda mpaka dukani. Nilirudi na lile tairi mapajani. Nikaliingiza uani nikalilaza katikati ya wafiwa.

Baba yetu, ambaye tulimwita Tata mpaka alipotutoka, alinikazia macho. "Anatory, kitu hicho unakileta hapa?"

"Nisamehe, Tata. Nataka mlishike."

Binamu akasema, "Kwa hiyo unataka kusema marehemu alijiua mwenyewe?"

Hilo lilinichoma, maana ndilo nililoliogopa njia nzima. Kumwondolea bibi yule mzigo ilikuwa lazima niseme kwamba mdogo wangu aliondoka na tairi aliloonyeshwa kuwa limeoza. Na mkewe yuko pale ndani, mlango wazi, anasikia.

"Nasema mpira ulikuwa umekufa," nikajibu. "Mimi nilimwonyesha, naye aliona. Aliondoka kwa sababu kahawa zenu zilikuwa nje na mvua ilikuwa inakuja. Hakuna aliyemroga. Tata, bonyeza hapa."

Tata aliweka kidole chake pale. Akabonyeza, nyufa zikafunguka. Akasogeza kidole, akabonyeza tena, na tena, tairi zima, polepole, kama mtu anayepapasa mgonjwa akitafuta panapouma. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mpira. Mwisho akauliza, "Basi ni hiki tu?"

"Ni hiki tu, Tata."

"Mwiteni yule mama aje akae na wenzake."

Hakuna aliyeinuka. Ndipo Levina alipotoka ndani, macho yamevimba, hakumtazama mtu. Alipita katikati yetu akaingia kwenye migomba. Alirudi amemshika Mama Devota mkono, akamketisha kwenye mkeka wake yeye, ubavuni mwake. Binamu aliondoka jioni hiyo hiyo. Migomba iliyokatwa ilichipua yenyewe, migomba ndivyo ilivyo, lakini Mama Devota hakupita tena mbele ya nyumba ile ya msiba bila kuharakisha hatua.

Miezi ilipita. Pikapu ilinyooshwa bodi ikawa inatembea. Ndugu walisema tela liuzwe kwa chuma chakavu, lina mkosi. Ule mzigo kutoka Mwanza ulikuwa umefika wiki ya mazishi, na matairi mawili ya saizi ile nilikuwa nimeyasukuma nyuma kabisa ya stoo, nikayafunika gunia. Mteja akiuliza nasema hayapo.

Siku ya gulio Levina akaingia dukani. Amevaa gauni jeusi na ndala.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Levina. Watoto?"

"Hawajambo. Nataka matairi ya tela."

Nikamwambia labda angoje, labda auze, labda tumtafute dereva. Aliniacha nimalize yote. "Nikiliuza, ndizi nitabeba kichwani?" akasema. "Na wale wazee wote mizigo yao inaozea nyumbani. Dereva wa kumlipa sina. Kuendesha najua. Kitu nisichokijua ni tairi. Nionyeshe."

Nikayatoa stoo. Na hapa ndipo nawaomba mshike kalamu, kwa sababu yale niliyomfundisha siku ile ndiyo yote ninayoyajua. Nilimfanya asome mwenyewe namba za wiki na mwaka, kwa sababu tairi linaweza kuwa halijavaliwa kamwe na bado limezeekea dukani. Nilimfanya asome namba ya mzigo na upepo wa juu kabisa, nikamwambia tela lililopakiwa hutaka upepo ulioandikwa pale, si wa kukisia kwa teke. Akauliza kama abadilishe lile lililopasuka tu, maana la kivulini bado zuri. Nikamwambia hapana, yote mawili kwa pamoja, saizi moja, aina moja. Jipya na zee kwenye ekseli moja hayavuti sawa, na zee lile limekaa miaka ileile. Na la akiba lazima liwepo, nalo lisiwe kipara kilichotupwa na mwingine. Valvu mpya. Na tela likikaa muda mrefu, lishushwe mzigo, liinuliwe juu ya magogo, matairi yafunikwe jua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliinamia tairi jipya akalibonyeza ubavu kwa kidole gumba, akazunguka lote, akafanya hivyo hivyo kwa la pili. Alipofika mwisho alibaki ameinama. Nami nikageuka nikapanga spana zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Nilipoanza kufunga, nilishika nati ikaanguka, nikaishika tena ikaanguka. Levina akapokea spana. "Nielekeze tu," akasema. Nikamwelekeza afunge kwa kuvusha, nati moja kisha ile inayoitazama, asizunguke kwa mpangilio, na akitembea kidogo asimame azikaze tena. Alizifunga mwenyewe zote.

Aliniomba niende naye safari ya kwanza. Tulipakia ndizi, zake na za majirani. Kwenye mteremko ule alishika gia ndogo toka juu, tukashuka mpaka chini. Pale chini kabisa akasimamisha gari, akashuka, akagusa matairi kwa mgongo wa kiganja, moja baada ya jingine, kusikia kama moja lina joto kuliko lenzake. Yalikuwa sawa. Akabaki ameweka mkono pale juu ya tairi zaidi ya ilivyohitajika. Sikumharakisha. Halafu akapanda, tukaenda.

Sokoni Nkwenda mnunuzi mmoja, mtu mgeni, alikuja na kalamu sikioni akaanza kuhesabu mikungu. Akanitazama mimi, akamtazama Levina, akanirudia mimi.

"Mwenye tela yuko wapi tupatane?"

Kinywa kilifunguka na jina lililotaka kutoka ni la Pastory. Levina alikuwa akifungua kamba ya mzigo. Aliivuta mpaka ikalegea, akaikunja mkononi, kisha akamgeukia.

"Ni mimi," alisema.

Nami nikachuchumaa kwenye gurudumu, magoti yakilia, nikajifanya nakaza nati.